Sanduku nililoliopoa kwenye mafuriko ni la nani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga. Naishi Houston, Texas, pamoja na mke wangu na watoto. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hatuelewani juu ya jambo moja, na kila mmoja wetu ana hoja yake.

Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipoleta ile mvua, rafiki yangu mwenye boti ndogo ya kuvulia samaki alinipitia tukaenda kusaidia watu Meyerland. Ni mtaa wenye Wayahudi wengi, kando ya mfereji mkubwa unaoitwa Brays Bayou, na maji yalikuwa yameingia ndani ya nyumba za watu. Tulibeba wazee, tukabeba watoto, tukabeba hata mbwa. Katika safari mojawapo, boti ikiwa karibu kujaa, niliona sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana likielea kutoka kwenye gereji iliyong'oka mlango. Nilidhani ndani mna hati za mtu, pasi au vyeti au karatasi za nyumba. Sisi wahamiaji tunajua uchungu wa kupoteza karatasi. Boti ilikuwa imeelemewa, basi nikalitosa majini begi langu la kazi, na drili, testa na vifaa vyote vilivyokuwamo, nikalipandisha lile sanduku. Vifaa vile nilivinunua kimoja kimoja, na ndivyo vilivyokuwa vinatulisha.

Maji yalipopungua niliulizia kwenye kambi ya waathirika pale George R. Brown, nikaulizia na mtaani, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimehamwa na sikuweza kukumbuka ni gereji ipi. Hati hazikuwamo. Mlikuwa na kikombe cha fedha, vinara viwili vya mishumaa, navyo vya fedha, na daftari lililoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiebrania, limeloa pembeni. Nikaviweka stoo.

Mwaka huu nimeanza kufanya kazi na jamaa mmoja Myahudi. Nilimwonyesha picha. Akasoma maandishi yaliyochongwa kwenye kikombe, jina la ukoo na tarehe ya harusi, akasema familia hiyo anaijua, walihama baada ya mafuriko na sasa wako Dallas. Nilipomwambia nataka kuwatafuta akashangaa. "Kwa sheria yetu hivyo ni vyako," akasema. "Mtu akiokoa kitu kwenye mafuriko kimekuwa chake, hata mwenyewe akisimama pale akapiga kelele. Nimesomeshwa hivyo tangu utotoni." Akaongeza kwamba bima iliwalipa zamani.

Kuna mnunuzi wa vitu vya kale ambaye ameshanitajia bei. Inatosha kurudisha vifaa vyangu vyote na chenji ikabaki. Mke wangu hataki kusikia. Anasema kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima, na mwenyewe akijulikana mazungumzo yamekwisha. Mimi nasema, kama dini yao wenyewe imenipa, nitakuwa nimemdhulumu nani?

Naomba unijibu mambo mawili. Ni kweli sheria ya Kiyahudi inasema hivyo? Na nikivirudisha, vifaa vyangu nilivyovitosa atanilipa nani?

Fundi, Houston


Marahaba mwanangu. Mkeo nisalimie sana.

Mwenzako hakukudanganya. Sheria hiyo ipo, ni ya kale, na hata hayo maneno ya mwenyewe kusimama akapiga kelele yamo vitabuni. Ila amekupa kipande kimoja cha mjadala mrefu, na kipande hicho kikisomwa peke yake kinampoteza mtu. Mimi sheria ya mali ya Wayahudi nimeisoma miaka mingi kwa kuipenda tu, kwa sababu sijaona watu wengine waliokaa wakabishana juu ya punda wa mtu mmoja kwa uangalifu kama ule. Kwa hiyo swali lako la kwanza nitalijibu kwa kirefu kuliko ulivyotarajia.

Msingi wake uko kwenye Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Ukimwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yako amepotea, usijifanye hukumwona, mrudishie. Na vivyo hivyo nguo yake na kila kitu chake kilichompotea ukakiona. Wanazuoni waliuliza: kilichompotea nani? Rabi Yohanan, akipokea kwa mwalimu wake, alifundisha kwamba aya inazungumzia kitu kilichompotea yeye lakini watu wengine bado wanaweza kukipata. Kitu kilichompotea yeye na kikawapotea watu wote duniani, kama kilichochukuliwa na wimbi la bahari au mto uliofurika, hakimo katika amri hiyo. Rabi mwingine, Shimon ben Elazar, ametoa orodha: anayeokoa kutoka kwa simba, dubu au chui, kutoka kwenye wimbi la bahari au mafuriko ya mto, alichokiokoa ni chake, kwa sababu mwenyewe amekwisha kukata tamaa.

Usiione sheria hii kuwa ya kikatili. Inasema kwamba kondoo akiwa ameshaingia kinywani mwa simba, mwenyewe hana tena kondoo. Atakayethubutu kumtoa mle anamnyang'anya simba, hamnyang'anyi jirani yake. Bila kanuni hiyo nani angehatarisha roho yake kuiendea meli inayozama?

Hizo kelele nazo zina kisa chake katika Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi juu ya sheria. Mwanazuoni mmoja, Rava, alikuwa akitembea sokoni nyuma ya mwalimu wake Rav Nachman, akamwuliza juu ya mfuko wa pesa uliookotwa mahali penye msongamano wa watu, ambapo aliyedondosha hana matumaini ya kuuona tena. Ni wa aliyeuokota, akajibiwa. Lakini mwenyewe amesimama anapiga kelele! Rav Nachman akasema: huyo ni kama mtu anayelilia nyumba yake iliyoanguka au meli yake iliyozama. Ndipo mwenzako alipoishia.

Pembeni ya kisa hicho kuna kingine, na nasikitika hakukusimulia. Mwanafunzi mwingine, Rav Yehuda, alikuwa akitembea katika soko jingine nyuma ya Shmuel, mmoja wa majaji wakubwa wa Babeli. Akamwuliza swali lile lile la mfuko. Ni wa aliyeuokota, akasema Shmuel. Na akitokea mtu akataja alama za mfuko wake? Lazima arudishiwe, akasema Shmuel. Mwanafunzi akashangaa, yote mawili kwa pamoja? Akaelezwa kwamba la pili linavuka mpaka wa sheria, yaani ni wema unaozidi kile sheria inachodai, kwa mfano wa baba yake Shmuel, ambaye aliwakuta punda jangwani akaja kumrudishia mwenyewe baada ya miezi 12. Mwambie mkeo habari ya hiyo miezi, naamini itamfurahisha.

Sasa tuliangalie sanduku lako, maana sheria yoyote lazima ishuke ikutane na kitu chenyewe. Je, lilikuwa limewapotea watu wote? Talmudi inataja mto uliokuwa Babeli ukiitwa Biran. Mtu aliokota kitu humo, na rabi akamwambia akatangaze. Wakamwuliza, mbona ni mafuriko? Akajibiwa kwamba mto ule ni tofauti. Umejaa vizuizi, vitu hunasa, na watu wa pale ndio wanaouchimba na kuuzuia, kwa hiyo mwenye mali hakati tamaa. Ukiisoma habari hiyo huku unaijua Brays Bayou, mfereji uliochimbwa na kujengewa kingo, unaopita katikati ya mitaa yenye ua na kuta, utaona kwa nini nimeileta. Lile sanduku halikuwa baharini. Lilitoka kwenye gereji, likaelea barabarani, na maji yalipokauka lingekutwa limenasa kwenye ua wa jirani, jina la ukoo likiwa ndani. Watu wa Meyerland walikuwa wameshaonja mafuriko mwaka 2015 na 2016 kabla ya Harvey. Walijua maji yakishuka mtu hurudi kutafuta.

Kuna na habari ya magogo. Mto umesomba magogo, mawe na mbao za mtu ukavitupa kwenye shamba la mwingine. Mwenye shamba anavipata kama mwenyewe amekata tamaa, na kama mwenyewe anavikimbilia, havipati. Talmudi inafafanua kwamba hapa tunamzungumzia mtu anayeweza kuviokoa kwa taabu. Akihangaika navyo, hajakata tamaa. Akikaa kimya, ameachia. Utaniambia ile familia haikulikimbilia sanduku lake. Ni kweli, ila walikuwa wakipandishwa kwenye boti za watu kama ninyi, wameshikilia watoto. Binafsi siwezi kukihesabu kimya cha mtu aliye juu ya paa kuwa ameachia mali yake. Rabi mkali anaweza kubishana nami katika hilo, na ana pa kusimama.

Bima nayo isikusumbue. Mtu hulipwa bima kwa kuwa amepata hasara, hiyo haina maana ametamka kwamba vitu vyake ni vya atakayeviokota. Kama kuna hesabu ya kurekebisha kati yao na kampuni, ni yao.

Lakini kilichoniamulia mimi ni sentensi moja ya barua yako, na huenda uliiandika bila kuitilia maanani. Umesema ulidhani ndani mna hati za mtu. Ulipolivuta lile sanduku hukuwa ukilivuta liwe lako. Ulikuwa ukimshikia mwenyewe, hata kama hukujua ni nani. Kwenye sheria yao nia ya saa ile ina uzito mkubwa. Msafara ukivamiwa na majambazi jangwani, mmoja akaokoa, alichookoa ni cha wote. Labda awe ametamka kwamba anajiokolea mwenyewe. Na aliyeokota kitu kabla mwenyewe hajakata tamaa, kwa nia ya kumrudishia, amekuwa mlinzi wa kitu hicho, na kukata tamaa kunakokuja baadaye hakubadilishi neno, maana kitu kiliingia mkononi mwake kwa ajili ya mwenyewe. Wewe ulikwenda ukauliza kambini, ukauliza mtaani. Ulilinda, mwanangu. Umelinda miaka yote hiyo, na bei ya mnunuzi mmoja haiwezi kukugeuza ukawa uliokota.

Tuseme lakini nimekosea yote hayo, na sanduku lilikuwa limemezwa na bahari kabisa. Yosef Karo aliyeandika Shulchan Aruch, kitabu cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565 na ambacho Wayahudi washika dini wanakifuata mpaka leo, anakubali: aliyeokoa kwenye mafuriko, ni chake, hata mwenyewe akipiga kelele. Kisha akaja Moshe Isserles wa Krakow, ambaye nyongeza zake huchapwa pamoja na kitabu hicho, akaandika kwamba pamoja na hayo ni vizuri na ni haki kurudisha. Na kwamba kama mtawala au mahakama ya jamii imeamuru virudishwe, basi kurudisha ni lazima. Zilikuwapo jamii zilizoweka amri kwamba mali ya meli iliyozama, hata ikinunuliwa kwa walioiokoa, irudi kwa wenyewe, na mnunuzi arudishiwe alichotoa tu. Shmuel yule yule wa sokoni ndiye aliyeweka kanuni kwamba sheria ya nchi ni sheria. Na wewe uko Marekani. Kule, kwa msingi waliourithi kwa Waingereza, mwokotaji ana haki juu ya kitu mbele ya kila mtu isipokuwa mwenyewe. Hilo liliwekwa wazi katika kesi ya mwaka 1722, ya kijana wa kusafisha mabomba ya moshi aliyeokota pambo la vito akalipeleka kwa sonara, na sonara akamrudishia bila mawe. Kijana alishinda kwa sababu sonara hakuwa mwenyewe. Angesimama mwenyewe, mambo yangekuwa mengine. Wako anajulikana kwa jina na anaishi Dallas.

Kuna kauli moja ambayo siwezi kuiacha. Mahali pengine kwenye sura ile ile ya Talmudi, wanazuoni wanajiuliza kwa nini Jerusalem iliangamizwa. Jibu linalotolewa ni la kutisha: kwa sababu watu wake walihukumiana kwa sheria ya Torati tu. Wenyewe wanaona ajabu. Walitaka wahukumiane kwa nini basi, kwa ubabe? Wanaeleza kwamba watu wale walisimama kwenye mstari wa sheria na hawakuuvuka hatua moja kwa wema. Aliyesema maneno hayo ni Rabi Yohanan. Ndiye huyo huyo aliyetufundisha kwamba kilichochukuliwa na wimbi hakimo katika amri ya kurudisha. Mtu mmoja alikuwa na mafundisho yote mawili, na mwenzako amekupa moja.

Umeuliza, kama dini yao imenipa, nitakuwa nimemdhulumu nani? Mwanangu, sheria ile haikuandikwa kwa ajili yako. Haikufungi wala huijibii. Mjukuu wa sheria hiyo anayetaka kula faida yake anabeba pia mizigo yake, na ni mizito. Akiokota nguo lazima aikung'ute kila siku 30 isioze. Akiokota vitabu lazima avisome au avikunjue kila siku 30. Vyombo vya fedha na shaba ameruhusiwa kuvitumia ili visiharibike, kwa namna isiyovichakaza. Vya dhahabu na kioo asiviguse mpaka aje nabii Eliya. Akiokota mnyama anamlisha. Yote hayo anayafanya kwa ajili ya mtu asiyemjua. Huwezi kuingia nyumbani kwa watu kwa mlango wa nyuma, ukachukua ruhusa yao moja na kuacha wajibu wao. Wewe una dini yako, na mkeo ameshaisema.

Sasa vifaa vyako. Hapa nataka utulie, kwa sababu nimeona katika barua yako kwamba ndipo panapouma, na kwangu ni madai ya halali. Mtu aliyetosa drili yake ili aokoe karatasi za mtu asiyemjua asifanywe aone haya kuuliza nani atamlipa.

Mishna, ambayo ni kiini cha Talmudi na ilikusanywa kama mwaka 200, ina kesi yako karibu neno kwa neno. Mto umewasomba punda wawili, wangu wa thamani ya 100 na wa mwenzangu wa thamani ya 200. Nimemwacha wangu, nikamwokoa wake. Ninachostahili ni ujira wa kazi yangu tu. Bei ya punda wangu simdai. Lakini kama nilimwambia, "nakuokolea wako, nawe utanilipa wangu," anawajibika kunilipa wangu wote. Kabla ya punda kuna kesi nyingine inayofanana nayo. Mmoja anakuja na pipa la divai, mwingine na mtungi wa asali. Mtungi wa asali unapasuka. Mwenye divai anaimwaga divai yake, anaikinga asali ndani ya pipa. Naye hana zaidi ya ujira wake, mpaka awe alisema kwanza.

Wewe hukusema. Ungemwambia nani, mwenyewe hakuwapo! Hilo nalo walilifikiria. Mtu akitaka kuacha kazi yake amwokolee mwingine mali, na mwenyewe hayupo, aweke sharti mbele ya watu watatu wa kuhukumu. Kama hakuna mahakama, mbele ya nani? Jibu la Mishna ni fupi: chake kinatangulia. Maana yake hakuna aliyekudai wewe utose begi. Kwa sheria yao mali yako ilikuwa na haki ya kwanza kubaki botini. Wanasema kilichokupotea wewe kinatangulia hata kilichompotea baba yako. Ulichofanya kilizidi wajibu wowote ambao wangekuwekea. Kwa hiyo ukiniuliza kwa hesabu za Mishna, familia ile inawiwa nawe ujira wa kazi uliyofanya, na bei ya begi lako haimo humo. Ukiniuliza mimi, familia yenye moyo ikisikia habari ya begi haitaishia kwenye ujira. Wao nao wana mpaka wa sheria wa kuuvuka.

Ila habari hiyo lazima waisikie, na wasiisikie kama masharti. Usiseme "nina vitu vyenu, nipeni kadhaa ndipo niwape." Ukisema hivyo umekuwa mnunuzi wa vitu vya kale. Wakabidhi vitu, kisha waeleze ilivyokuwa siku ile, pamoja na begi. Usifiche kwa kuona aibu, na mkeo asikukataze kulitaja akidhani ni kuomba. Ni ukweli wa jinsi mali yao ilivyookoka, na wana haki ya kuujua. Wakiuliza vifaa viligharimu kiasi gani, taja bei ya kweli.

Daftari ndilo lililonikaa rohoni kuliko kikombe. Umeliandika mwishoni, kama kitu kisicho na bei, na huenda mnunuzi wako hakuliangalia mara mbili. Sijui lina nini na sitakisia. Ila mwezi Mei 2003, huko Baghdad, katika ghorofa ya chini ya jengo la usalama wa taifa la Saddam Hussein, walikuta vitabu vya Wayahudi zaidi ya 2,700 na makumi ya maelfu ya nyaraka zikiwa zimezama kwenye maji ya mafuriko. Zilikuwa mali ya jamii iliyoishi Iraki zaidi ya miaka 2,000, ambayo karibu yote iliondoka mwaka 1950 na 1951. Wamarekani waliziopoa, wakazigandisha kwenye barafu zisiote ukungu, wakazisafirisha Marekani kwenda kukarabatiwa, kwa makubaliano kwamba zitarudi Iraki. Wayahudi waliotoka Iraki wakapinga kwa nguvu: mnairudishia serikali vitabu vya shule ya watoto wetu, vilivyochukuliwa kwetu? Watu hawakugombania dhahabu pale. Waligombania madaftari yenye majina ya wanafunzi. Ndiyo maana nakwambia, hata kama ungeamua kuuza kila kitu, hilo daftari lisingekuwa na bei ya kukutosha wala ya kuwatosha wao.

Lishike vizuri kuanzia leo. Litoe stoo, liweke ndani ya nyumba mahali pakavu pasipopigwa na jua, usizibandue kurasa zilizogandamana. Kama lina jina la Mungu ndani, Wayahudi hawalitupi hata likioza, hulizika kaburini. Kwa hiyo lisije likatupwa na mtoto kwa bahati mbaya. Kikombe na vinara usivisugue kwa dawa kali ili ving'ae, unaweza kufuta maandishi.

Kabla ya kupiga simu, mwambie mnunuzi hakuna biashara, ili bei yake isikae kichwani mwako unapozungumza. Mwenzako wa kazini akupe namba ya familia, lakini usimtume azungumze yeye, na usitangulize picha. Waulize wao: katika mafuriko ya 2017 mlipoteza sanduku kutoka gereji? Lilikuwa la namna gani, mlikuwa na nini ndani, kwenye kikombe kumeandikwa nini? Wanazuoni wao wanataka mwenyewe ataje alama kabla ya kurudishiwa, na ni kinga yako pia, usije ukampa mjanja. Wakitaja sawasawa, waambie unavyo.

Inawezekana wakakwambia kaa na kikombe, sisi tupe daftari. Au kaa navyo vyote. Likitokea hilo vitakuwa vyako kwa mkono wa mwenyewe, na ukivipeleka sokoni kesho yake hakuna atakayekuuliza, mkeo akiwamo.

Vya fedha usivitume kwa posta. Dallas ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, nendeni wewe na mkeo. Na kama wanashika Sabato, simu haitapokelewa tangu Ijumaa jua linapokuchwa mpaka Jumamosi usiku, kwa hiyo piga Jumapili asubuhi.

Shangazi